Nikipiga magoti nasinzia: je, imani yangu imekufa?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilosa, nina watoto 3. Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Alikuwa na presha na dawa alikuwa akiziruka. Sasa yuko kwangu, namgeuza, namlisha, namwogesha. Mume wangu alifunga duka, akaenda Dar kutafuta maisha, anachotuma hakifiki hata gunia la mkaa. Nadaiwa VICOBA. Mtumishi mmoja aliniambia ugonjwa wa mama unatokana na madhabahu za ukoo, nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka ya laki 2, ili tufunguliwe. Sikuwa nayo. Nilifunga siku 3, siku ya tatu nikaanguka darasani mbele ya wanafunzi. Kanisani wananiambia nikaze imani, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Lakini siku hizi nikipiga magoti maneno hayaji, nasinzia pale pale kitandani pa mama. Wiki iliyopita nilimfokea, kisha usiku nikatamani Mungu amchukue apumzike. Nimejichukia. Wakati mwingine natamani mimi ndiye nisiamke. Je, nimeanguka imani? Nguvu nitaitoa wapi? – Mama wa watatu, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Naanza na ile sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, kama mtu anayefunga kitu kwenye pindo la kitenge ili kisionekane. Umesema wakati mwingine unatamani usiamke. Nakuuliza bila kuzunguka, kama ninavyowauliza watu wodini: ni uchovu tu unaokufanya utamani usingizi usioisha, au umeshaanza kuwaza namna ya kujitoa uhai? Usiogope swali. Nimetembelea wagonjwa na wauguzaji kwa karibu miaka 30, na sijaona mtu aliyepandikiziwa wazo hilo kwa kuulizwa. Nimeona wengi wakishusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Kama jibu lako ni hilo la pili, acha kusoma. Mwite mwalimu mwenzako unayemwamini, mwambie maneno yale yale uliyoniandikia mimi, vidonge vya mama avitunze yeye, usilale peke yako na mawazo hayo, na mwende pamoja hospitali ya wilaya leo hii. Barua yangu itakungoja.

Kama ni lile la kwanza, tuendelee. Hospitali bado utakwenda, nitafika huko.

Umeuliza kama umeanguka imani. Hapana, mwanangu. Umechoka. Kwa macho yanafanana, maana mchovu na aliyepoa kiroho wote hawaji kwenye maombi ya Jumatano, na ndiyo maana watu wema kabisa hapo kanisani wameshindwa kuwatofautisha. Lakini Biblia inawatofautisha vizuri sana, na mtu wa kututhibitishia ni Eliya.

Fungua 1 Wafalme 19. Ukiweza soma na sura inayotangulia, uone alikotoka. Huyu mtu amesimama peke yake Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Hakuna wa kumwambia Eliya habari za kukaza imani. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kumtishia, na shujaa wetu anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko (kumbuka hilo, tutalirudia), anaingia nyikani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. “Yatosha,” anasema. “Sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu.”

Umeona? Maneno yako. Yameandikwa tayari, na aliyeyasema hakufutwa kwenye orodha ya manabii.

Tazama sasa Mungu anavyomjibu. Mimi nilihubiri sura hii mara nyingi nikiwa kijana, nikikimbilia sauti ndogo ya utulivu pale Horebu, kwa sababu ndiyo inayopendeza mimbarani. Nilikuwa naruka aya ya 5 mpaka ya 8. Ni mpaka mke wangu alipougua, nikakesha naye miezi, ndipo niliposoma hizo aya kwa macho mengine. Eliya analala. Malaika anakuja, anamgusa, na kitu cha kwanza kinachotoka mbinguni kwa mtu aliyeomba kufa ni maneno mawili: “Inuka, ule.” Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika hamkemei kwamba amelala tena. Anakuja mara ya pili na kusema: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.”

Hakuna mahubiri hapo. Hakuna kuulizwa dhambi gani imefichwa. Ni mkate, maji na usingizi, mara mbili. Swali la kiroho, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, linakuja baada ya siku 40, mtu akiwa ameshashiba na kupumzika na kutembea. Mungu aliyeumba mwili anajua kwamba mwili uliokaukiwa hauwezi kujibu swali la aina hiyo.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ninalokuagiza kama mchungaji wako wa muda: vunja mfungo. Usifunge tena mpaka mambo haya yapite. Kufunga ni tendo jema la mtu mwenye chakula anayekiweka kando kwa muda ili amtafute Mungu. Wewe hukiweki kando chakula, unakikosa, halafu unageuza ukosefu kuwa sadaka. Mwalimu aliyeanguka mbele ya darasa la watoto hahitaji siku ya nne. Kula ugali wako kwanza, hata kama ni wa dagaa, kabla hujaanza kumlisha mama. Najua ulivyolelewa. Mama zetu walikula mwisho, walichobakiza wengine. Lakini malaika alimlisha Eliya.

Na kule kusinzia kwenye maombi, usikuhesabu kuwa dhambi. Zaburi ya 127 inasema usingizi ni kitu ambacho Mungu humpa mpenzi wake. Unaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza mama asipate vidonda vya kulalia, alfajiri unaandaa watoto, saa moja na nusu uko shuleni. Ukipiga magoti pale kitandani, hiyo ndiyo dakika pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayekuita. Ungefanyaje usisinzie?

Sasa hilo la mzigo. “Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba.” Nimelisikia misibani, wodini, hata kwenye kadi za harusi, na wanaolisema wanadhani wananukuu Biblia. Hawanukuu. Wanakumbuka nusu ya 1 Wakorintho 10:13, ambapo Paulo anawaonya Wakorintho juu ya sanamu na anasa, kisha anawaambia kwamba Mungu hatawaacha “mjaribiwe kupita mwezavyo”, bali atafanya na mlango wa kutokea. Anazungumza juu ya kushawishika kutenda dhambi. Hazungumzi juu ya kiharusi, deni na mume aliye mbali. Paulo huyo huyo, kwa Wakorintho hao hao, katika barua ya pili 1:8, anaandika waziwazi habari ya dhiki iliyowapata Asia: “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi.” Kuliko nguvu zetu! Mtume anakiri kwamba alipewa mzigo asioweza kuubeba. Na malaika wa Eliya alikiri vivyo hivyo: safari hii ni kubwa mno kwako.

Kwa hiyo yeyote akikuambia unaweza, ndiyo maana Mungu amekupa, mjibu kwa upole kwamba huwezi. Ni kweli huwezi. Imani ya Kikristo haianzii kwenye kujiona una nguvu. Inaanzia hapo hapo ulipo, na Paulo aliambiwa hivyo alipoomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akanyimwa: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Wengi huisoma aya hiyo kama ahadi ya kupewa misuli. Mimi naisoma kama ruhusa ya kuacha kujifanya ninayo.

Nije kwenye maneno yasiyokuja. Unafikiri sala ni hotuba, kwa sababu tumekufundisha hivyo sisi wachungaji, kwa maombi yetu marefu yenye “Baba” kila baada ya neno la tatu. Lakini Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea “kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.” Kuugua, mwanangu. Ule mguno unaoutoa ukimwinua mama kumpeleka chooni. Sisemi hivyo kukufariji kwa maneno matamu, nasema kwa sababu ndivyo aya inavyosema.

Ukitaka maneno, azima. Kati ya Zaburi 150, karibu theluthi moja au zaidi ni vilio na malalamiko, na kwa bahati mbaya ndizo tusizozisoma ibadani, tunakimbilia ya 23 na ya 121. Chukua ya 13. Ina aya 6 tu. Katika aya mbili za kwanza mtu anamuuliza Mungu “hata lini” mara nne: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?” Hiyo ni Biblia inayomlaumu Mungu, na Mungu akakubali iwekwe ndani ya kitabu chake. Mwishoni zaburi hiyo inageuka, inafika kwenye tumaini. Kama usiku huo hujafika kwenye tumaini, usilazimishe. Ishia aya ya 2, funga Biblia, lala. Na kama hata hiyo ina matumaini kupita hali yako, ipo ya 88, ambayo haigeuki kabisa. Inaanza gizani na neno lake la mwisho ni “gizani”. Aliyeipanga aliiacha hivyo, na wayahudi na wakristo wameiimba hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka bila kuiongezea aya ya furaha.

Jambo dogo, lakini limewasaidia wengi niliokaa nao: omba kwa lugha uliyolia nayo utotoni. Kama ni Kikaguru, omba Kikaguru. Kiswahili chetu cha kanisani kina maneno mengi yaliyonyooshwa pasi. Lugha ya nyumbani haijui kudanganya. Na mama yako, ambaye huenda ulimi wake umekuwa mzito tangu kiharusi, anaweza kukusikia na kulia nawe. Hiyo nayo ni ibada.

Sasa lile linalokuuma zaidi. Ulimfokea, kisha ukatamani apumzike, ukajichukia. Karibu kila muuguzaji wa muda mrefu niliyewahi kuketi naye faragha ameniambia jambo hilo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani. Wanawake wanaowaosha wazazi wao kwa mikono yenye upendo. Unachotamani si kifo cha mama yako. Unatamani mateso yaishe, yake na yako, na akili iliyochoka haioni mlango mwingine. Kwa kumfokea, mwombe radhi, maneno machache tu, umshike ule mkono wa kushoto unaohisi. Wazazi wanaelewa kuliko tunavyodhani. Baada ya hapo, usiendelee kujihukumu kwa kosa lililokwisha kusamehewa.

Musa naye alifika hapo. Katika Hesabu 11 anamwambia Mungu: mimi ndiye niliyechukua mimba ya watu hawa? Siwezi kuwabeba peke yangu, na kama utanitenda hivi, uniue tu. Tafadhali angalia jibu. Mungu hamwambii “Musa, kumbuka Bahari ya Shamu.” Anamwambia akusanye wazee 70, nao watauchukua mzigo pamoja naye. Na Eliya, kule Horebu, mwisho wa sauti yote ile ndogo, anapewa nini? Anaambiwa kwamba kuna watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, na anatumwa akampake mafuta Elisha, msaidizi. Alikuwa amemwacha mtumishi Beer-sheba, Mungu akampa mwingine.

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu umeniuliza nguvu utaitoa wapi, na nadhani unategemea nikuonyeshe mahali ndani yako ambapo hujachimba bado. Hakuna. Kisima chako kimefika mwamba. Nguvu ambayo Biblia inampa mtu wa hali yako huja mara nyingi ikiwa na miguu ya mtu mwingine.

Katika Marko 2 kuna mwenye kupooza, kama mama yako. Watu wanne wamembeba, nyumba imejaa, wanapanda juu, wanatoboa dari, wanamshusha. Na imeandikwa: “Naye Yesu, alipoiona imani yao.” Soma taratibu: yao. Haikusemwa imani yake, na wale wanne waliotoka jasho wamo katika hiyo “yao”. Hatuambiwi huyo mgonjwa alikuwa anaamini nini siku hiyo. Inawezekana alishakata tamaa zamani, alikuwa anawaambia wamrudishe nyumbani. Ilitosha kwamba kamba ziko mikononi mwa watu wanaoamini. Wewe leo uko kwenye godoro, mwanangu, ingawa unatembea. Waache wengine waamini kwa niaba yako kwa muda. Yesu mwenyewe, Gethsemane, aliwaambia wenzake: “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe.” Aliomba watu wakae naye. Walilala, ndiyo, lakini aliomba.

Najua utaniambia: Baba, nimeshawaambia kanisani, wakaniambia nikaze imani. Hapana. Uliwaambia uombewe, wakakuombea. Ombi la jumla huleta jibu la jumla. Paulo ana maneno mawili katika Wagalatia 6 ambayo watu huyaona yanagombana: aya ya 2 “Mchukuliane mizigo”, na aya ya 5 “kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe.” Waliotafsiri Biblia yetu walikuwa na sikio zuri. Furushi ni lile mtu analofunga na kwenda nalo safari, nguo zake na chakula chake. Mzigo ni gunia la kilo 100. Wewe una furushi lako: kufundisha, kulea wanao, kumpenda mama yako. Hakuna wa kukubebea hilo. Lakini kumgeuza mama usiku kucha siku 7 kwa wiki ni gunia, na gunia hubebwa na wawili au watatu.

Kwa hiyo nenda jumuiya na karatasi. Nisikilize vizuri: karatasi yenye mambo matatu tu, yenye siku na saa. Nani anaweza kulala kwa mama usiku wa Ijumaa, usiku mmoja tu, ili mimi nilale mpaka asubuhi? Nani anaweza kukaa naye Jumapili ili niende ibadani, au nisiende, nilale? Nani ana kijana wa kunisaidia kuchota maji? Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, hawakuwa wanatafuta mahali pa kukusanyia michango. Walitaka kanisa liwe na ukubwa ambao jirani anajua jirani hajapika. Kwetu Walutheri na Waanglikana tumezichukua jumuiya hizo, na mara nyingine tumezigeuza kuwa ibada fupi yenye kapu. Wakumbushe. Mpe karatasi mwenyekiti au mzee wa kanisa, isomwe kwenye matangazo kama yanavyosomwa matangazo ya ndoa.

Mimi nililelewa Kagera, miongoni mwa watu wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, ukaingia kwetu na Kenya. Walikuwa na makosa yao, walihukumu watu upesi, na mtoto aliyecheza ngoma alikiona. Lakini walikuwa na desturi moja ninayoililia mpaka leo. Kwenye ushirika wao hukuweza kusema “namshukuru Mungu” ukapita. Ungeulizwa tena: na moyo wako leo? Na mtu alisimama akasema, nimemchukia mke wangu wiki hii, au nimeshindwa kuomba, na wenzake hawakushtuka. Leo tunasema “Bwana asifiwe”, “Amina”, “habari za nyumbani”, “nzuri”, na mtu anarudi nyumbani na lake. Tafuta mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli. Mmoja anatosha kuanzia.

Kuhusu yule mtumishi na laki 2, sitatumia maneno mengi. Wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akajibu: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Yohana 9:3. Mama yako alikuwa na presha na aliruka dawa. Presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoongoza kuleta kiharusi, na hilo halihitaji madhabahu ya ukoo kulieleza. Badala ya mbegu, shughulika na chumvi: ipunguze kwenye mboga yake, na dawa za presha azimeze kila siku hata akijisikia vizuri, maana kiharusi hupenda kurudi. Na kama unataka kumwona nabii wa kweli akishughulika na mama mwenye madeni, soma 2 Wafalme 4. Mjane anamlilia Elisha, mdai amekuja kuchukua wanawe wawe watumwa. Elisha hamwambii apande kitu. Anamuuliza: “Nikufanyie nini? Niambie, una kitu gani nyumbani?” Anamtuma kwa majirani kuazima vyombo, mafuta yanajaa, kisha anamwambia akauze, alipe deni, na kinachobaki ale na wanawe. Nabii hakuchukua hata kibaba.

Basi nami nakuuliza swali la Elisha. Una nini nyumbani? Una mshahara, mdogo lakini wa kila mwezi. Una kikundi. VICOBA vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na wengine huona haya kuuomba. Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya marejesho, usingoje wakufuate. Waeleze hali, waombe muda na marejesho madogo. Kitu kimoja nakukataza kama baba: usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili ulipe VICOBA. Huko hakuna mfuko wa jamii. Na mume wako, mwandikie barua kama hii uliyoniandikia mimi. Nina shaka kama anajua nusu ya haya. Wanaume tukiwa hatuna cha kutuma huwa tunanyamaza, na ukimya wetu unaonekana kama dharau. Mwanzoni usimwombe hela. Mwombe akupigie kila jioni, azungumze na mama na watoto.

Nimesema utakwenda hospitali, na sasa nakueleza kwa nini. Kuna uchovu unaoondoka mtu akilala usiku tatu nne. Na kuna sonona, ambayo ni ugonjwa. Ukiona kwamba kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito au hakuna kinachokupendeza hata yale uliyoyapenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, akili haishiki, unajiona huna thamani, mawazo ya kufa yanakujia, hayo hayatibiwi kwa kukemewa. Yana tiba, ya mazungumzo na pengine ya dawa. Nenda hospitali ya wilaya, sema unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Wakikuambia uende ya mkoa, Morogoro si mbali. Hutakuwa kichaa kwa kuingia mlango huo. Nimewahi kupeleka wainjilisti na wachungaji wenzangu, na mmoja wao anahubiri vizuri sasa kuliko zamani, labda kwa sababu ameacha kuwaambia watu wakaze imani. Ukiwa huko huko, mtafute afisa ustawi wa jamii, umwulize juu ya msamaha wa gharama kwa mama, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe namna ya kumwinua bila kuuvunja mgongo wako. Siku moja ya ruhusa itoshe kwa yote matatu. Mwombe mwalimu mkuu hiyo ruhusa, na umwambie sababu.

Je, Mungu atamponya mama? Sijui, na sitakuahidi. Tuombe hivyo, mimi naomba hivyo. Lakini nimewaona waliopona na nimewaona ambao hawakupona, na sijaweza kupata mstari unaotenganisha imani zao. Ninachoweza kukuambia ni kwamba yule aliyetundikwa msalabani alilia Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, na kwamba kwa sababu hiyo huwezi kwenda chini kiasi cha kufika mahali ambapo yeye hajawahi kupiga kelele.

Kwa juma hili nakupa kazi ndogo. Ule kabla ya kumlisha mama. Zaburi ya 13 kila usiku, ukiishia popote usingizi utakapokukuta. Karatasi yenye mambo matatu ipelekwe jumuiya. Siku moja ya ruhusa kwa ajili ya hospitali. Sala nyingine zote nimezichukua mimi. Nina mzee mwenzangu ninayeomba naye saa 11 alfajiri, naye nimeshamwambia kuna mama mmoja Kilosa, bila jina. Ukishaonana na daktari, niandikie alichosema.

Mpe mama shikamoo yangu, sikio la kushoto.